Pumzi ya Kupimiwa

Sista, muuguzi wa zamu, alikuwa na tepu ya fundi cherehani mfukoni mwa sare yake. Ya njano, namba zake za mwanzo zimefutika kwa kushikwashikwa. Usiku ule kaka yangu alipoingizwa wodi ya mahututi hapa Durban, mashine ya kupumulia ilikuwa imekwisha kufungwa na skrini inawaka. Sista hakuitazama. Alimnyoosha kaka kitandani, akampima kutoka utosini hadi kisiginoni. Sentimita 170. Ndipo akamwita daktari wa zamu, na wakaipunguza mashine.

Kaka ni mtu wa mwili, kilo zake zinafika 100, na pumzi yake ilikuwa imehesabiwa kwa kilo hizo. "Bhuti, ndugu yangu," Sista aliniambia, mikono yake ikiendelea na kazi, "mtu hunenepa, mapafu hayanenepi." Pafu hufuata kimo. Mwanamume wa urefu ule huhesabiwa kama kilo 66, na kila kilo hupewa mililita 6, jumla hata 400 haifiki: zaidi kidogo ya soda ya chupa. Kwa hesabu ya kwanza angesukumiwa 600, pumzi baada ya pumzi, usiku kucha, mapafu yenyewe tayari yana kidonda. Mwaka 2000 Wamarekani walichapisha utafiti uliolinganisha mililita 6 na 12 kwa wagonjwa wa namna hii. Katika kila 100 waliopewa pumzi kubwa walikufa karibu 40. Waliopewa ndogo, 31. Watu tisa katika mia. Mimi tangu usiku ule nawaona wote ndani ya ile tepu.

Siku mbili mashine ilimpumulia kila kitu. Ya tatu wakaigeuza, imsubiri yeye aanze kuvuta, kisha ndipo imsaidie. Hapo kazi huwa kama ya mpiga dumbaki anayemfuata mwimbaji: akitangulia ameharibu, akichelewa ameharibu. Jioni king'ora kikalia. Skrini ilisema kaka anapumua mara 34 kwa dakika. Daktari kijana akasoma namba, akaagiza dawa ya usingizi iongezwe.

Sista alimwomba asubiri kidogo. Akaweka kiganja juu ya kifua cha kaka, akanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni mwa kitanda, nikaona uso wake ukitulia kama wa mtu anayesikiliza redio ya mbali. "Si yeye," akasema. "Ni maji." Mvuke ulikuwa umejikusanya kwenye mpira wa kupitishia hewa, mahali ulipolegea, maji yakawa yanachezacheza, na kila yalipotikisika mashine ilidhani mgonjwa anaomba pumzi. Ikampa asichoomba. Aliuinua mpira taratibu upande wa kaka, maji yakateremkia kwenye kikombe cha kuyakinga, akayamwaga. Namba ikashuka hadi 18. Kisha akamwinamia sikioni: "Phefumula, baba." Nilikuwa sijui Kizulu, lakini pumua hiyo niliielewa.

Kabla mashine hizi hazijaenea, ufundi huu ulikuwa mikononi. Copenhagen, mwaka 1952, polio ilipowalegeza watu misuli ya kupumua, daktari Bjørn Ibsen alishauri wapitishiwe mrija shingoni, na wanafunzi wa udaktari wakakaa kwa zamu wakikamua mfuko wa mpira, usiku na mchana, kwa wiki nyingi. Mkono unaokamua huhisi pafu linapokaza, huhisi makohozi, huhisi mgonjwa anapoanza kuvuta mwenyewe. Durban nayo ina sehemu yake. Katika Hospitali ya King Edward VIII walikuwa wakiletwa vichanga wenye pepopunda, kitovu kimekatwa kwa kitu kichafu. Madaktari waliilegeza misuli yote kwa dawa, hata ya kupumua, halafu wakaiachia mashine na wauguzi kazi ya kumshika mtoto upande huu wa dunia. Akina E. B. Adams na Keith Sykes waliyaandika hayo katika jarida la The Lancet mwaka 1961. Waliokesha kando ya vitanda vile sijaona majina yao popote.

Tulipofika 2020, wakati wa korona, taarifa za habari zilihesabu mashine: nchi hii ina ngapi, ile inangoja ngapi. Mashine zikaja kwa makasha. Mtu wa kuweka kiganja kifuani haji kwa kasha. Hulelewa miaka kando ya aliyemtangulia, na walimu hao wanastaafu mmoja mmoja. Vijana si wavivu. Nimewaona wakikimbia usiku kucha. Lakini wamefundishwa kuiamini skrini, na king'ora kinapolia mkono wao hutangulia kwenye kitufe cha kukinyamazisha.

Kaka alitolewa mrija siku ya tisa, akahamishiwa wodi ya kawaida. Nilirudi kumshukuru Sista, nikaambiwa amemaliza zamu yake ya mwisho Ijumaa. Kitandani pale pale alikuwa amelala mama mmoja mfupi, mnene, ndiyo kwanza anafungiwa mashine. Daktari kijana alikuwa anaandika kilo. Tepu ya njano ilikuwa imeviringishwa, imetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Niliichukua, nikamwendea daktari, nikamnyooshea.