Mafundi wa Mwanakwerekwe

"Fundi, mbona gari inachemsha?" Mafundi wa Mwanakwerekwe, Unguja, huulizwa hivi tangu asubuhi. Fundi hakimbilii spana. Anauliza maji yalipungua lini, anasubiri injini ipoe, ndipo afungue mfuniko wa rejeta. Akiufungua ungali moto, mvuke utambabua uso. Kisha anachungulia: mpira umepasuka, au feni haizunguki?

Kisiwani chumvi ya bahari hula chuma. Nati moja iliyoshika kutu humlaza chini ya gari saa nzima, mchanga mgongoni, oili ikimdondokea. Masika, maji yakijaa barabarani na magari kuzimika, fundi huwakataza wenye magari kupiga stata kabla hajafungua plagi na kuyatoa maji.

Jana daladala niliyopanda ilishika breki, watoto wa chuoni wakavuka. Mikono iliyofunga pedi zile sikuiona.