Mkono wa Mwongozaji: Filamu ya Kasungu Ikitazamwa Kutoka Dzaleka

Katika kufundisha uhakiki tumezoea kumwuliza mwanafunzi maswali matatu: dhamira ya mtunzi ni ipi, wahusika wake ni watu wa namna gani, na mtindo wake ukoje? Maswali hayo yanafaa kwa filamu pia, ila hapo huzuka shida moja. Riwaya ina mtunzi ambaye jina lake limeandikwa juu ya jalada, na msomaji hasahau kwamba anasimuliwa. Filamu humjia mtazamaji kana kwamba ni dunia yenyewe, na mkono wa mwongozaji hauonekani. Katika makala haya tunakusudia kuuonyesha mkono huo, na mfano wetu tumeuchukua Malawi, walipo wenzetu wengi wanaojifunza na kufundisha Kiswahili.

Kambi ya Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Zamani, chini ya utawala wa Kamuzu Banda, palikuwa gereza. Tangu mwaka 1994 ni makao ya wakimbizi, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni lugha inayowaunganisha. Kambi iliyokusudiwa watu 10,000 hadi 12,000 sasa ina zaidi ya 50,000. Watu hawa wanaijua kamera. Mpiga picha hufika asubuhi kwa gari kutoka Lilongwe, hupiga picha za foleni ya chakula, na jioni hurudi mjini. Picha zake si za uongo, kwani foleni ipo. Lakini ni yeye aliyeichagua foleni, akaliacha darasa, akamwacha fundi cherehani, akaliacha Tamasha la Tumaini lililoanzishwa kambini mwaka 2014 na mshairi mkimbizi, Trésor Nzengu Mpauni. Kuchagua huko ndiko kiini cha kazi ya mwongozaji.

Sasa tuitazame filamu ya The Boy Who Harnessed the Wind, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor na kutolewa mwaka 2019. Ilipigwa Wimbe, wilayani Kasungu, pale pale palipotokea kisa chenyewe. Asili yake ni kitabu cha William Kamkwamba na Bryan Mealer kilichotolewa mwaka 2009, kinachosimulia jinsi kijana aliyeondolewa shuleni kwa kukosa karo, wakati wa njaa ya 2001 na 2002, alivyosoma vitabu vya maktaba akaunda kinu cha upepo. Ejiofor aliandika mchezo, akauongoza, na akaigiza baba wa kijana. Kijana mwenyewe aliigizwa na Maxwell Simba kutoka Kenya.

Tuanze na wahusika. Katika kitabu, kijana ndiye asemaye, na baba twamwona kwa macho ya mwanawe. Mwongozaji amegeuza mizani hii. Trywell, baba mtu, amekuwa mhusika mwenye mgogoro mzito kuliko wote: mkulima mwenye bidii ambaye bidii yake imeshindwa na ukame, na ambaye hana cha kumpa mwanawe ila jembe. Mgogoro huo umekusanywa katika kitu kimoja, nacho ni baiskeli. William anaihitaji ili aunde kinu. Kwa baba ndiyo mali ya mwisho iliyobaki. Baba anakataa, anakivunja kielelezo kidogo alichokiunda mwanawe, na kumrudisha shambani. Hapa hakuna mwovu. Kuna elimu na uzoefu, vyote viwili vikiwa na njaa.

Katika dhamira, mkono wa mwongozaji ni mzito zaidi. Kinu cha kwanza cha Kamkwamba kilileta umeme wa taa na redio. Pampu ya maji ilikuja baadaye. Ejiofor ameileta pampu ndani ya msimu wa njaa, upepo ukawa maji, na maji yakawa mahindi. Je, amesema uongo? Sisi twasema hapana, maana msanii ana haki ya kukaza kamba ya kisa. Hata hivyo haki hiyo ina gharama yake. Mtazamaji aweza kuondoka akidhani kwamba njaa ya Malawi ilimalizwa na akili ya kijana mmoja, akasahau kwamba akiba ya nafaka ya taifa ilikuwa imeuzwa. Mwongozaji alilijua jambo hili: ametuonyesha misitu inayokatwa, na jumbe anayepigwa kwa sababu ya kusema kweli mbele ya rais. Lakini mwisho wa furaha una nguvu kuliko onyo lililo katikati.

Mtindo nao unazungumza. Filamu imegawanywa katika sehemu tano zenye majina ya Kichewa, kuanzia kupanda mpaka upepo, hivyo wakati wake ni wakati wa mkulima. Mwanafunzi wa Kiswahili atayatambua majina hayo: *kukula* ni kukua, *njala* ni njaa, *mphepo* ni upepo. Kasoro tunayoiona ni kwamba mara nyingi wanakijiji huacha Kichewa na kuambiana mambo mazito kwa Kiingereza. Hapo twajua hadhira iliyofikiriwa ilikuwa mbali na Wimbe.

Yafaa kumlinganisha Ejiofor na Shemu Joyah, mwongozaji Mmalawi. Katika Seasons of a Life alichagua kisa cha mtumishi wa nyumbani anayedhulumiwa na mwajiri wake, na akakifikisha mahakamani. Joyah hana kinu cha kumwokoa mhusika wake. Dhuluma imo ndani ya nyumba ya watu wenye heshima, na ni lazima isemwe kwa sauti. Nchi ni moja, waongozaji wawili, na Malawi mbili tofauti.

Basi, walimu wenzetu, tusiridhike mwanafunzi akisema kwamba filamu inahusu umaskini. Tumwulize: kamera imesimama upande wa nani? Nani amepewa maneno, na kwa lugha gani? Kipi kimeachwa nje? Kwa mwanafunzi wa Dzaleka maswali haya si ya mtihani tu. Yeye mwenyewe ameshakuwa mhusika katika picha za watu wengine, bila kuulizwa dhamira. Akijua kuuona mkono wa mwongozaji, ataweza kuukosoa. Na siku atakapoishika kamera yeye mwenyewe, atajua kwamba kila anachokiacha nje ya picha atakuja kuulizwa.