Adui Mtiifu na Namna ya Kumpima

Katika vibanda umiza vya Mpanda, kama kwingineko nchini, filamu ina wakubwa wawili: steringi na adui. Steringi husamehewa mengi. Adui ndiye anayeonyesha kama mtunzi alifanya kazi.

Kwa filamu za kisayansi, kipimo cha kwanza ni kuuliza adui anamtii nani. Anayeua kwa kupenda damu ni rahisi kumtunga. Kigumu ni kumtunga yule ambaye utiifu huohuo, akiwa kwa bwana mwingine, ungempatia sifa.

Hapo hakuna kama Ash wa Alien, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1979. Chombo cha anga Nostromo, chenye wahudumu saba, Ash akiwa mmoja wao, kinakokota shehena ya madini kuirudisha duniani. Mwenzao mmoja analetwa akiwa na kiumbe kimemng'ang'ania usoni. Ripley, mhudumu mwingine, anagoma kufungua mlango, kwa kuwa karantini inakataza. Ash anafungua. Anayeitazama kwa mara ya kwanza humwona mwenye huruma. Akirudia, hugundua kwamba Ash alikuwa akitimiza agizo la kampuni: kiumbe kifikishwe, hata watu wakifa. Ushahidi uliwekwa mapema, haukuchomekwa mwishoni.

Lakini Ash ni roboti. Je, agizo lililopachikwa ni utiifu? Jibu limo katika maneno yake ya mwisho, anapokisifia kile kiumbe. Hakuna aliyemwagiza asifie.

Adui mwingine mtiifu, kompyuta HAL 9000 katika filamu 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick (1968), inaua wanaanga wanne kwa ajili ya safari iliyokabidhiwa. Msikilizaji apime sauti yake: haipandi hata mara moja.

Kwa Kiswahili, mfano uko vitabuni: Shaaban Robert aliiweka angani nchi ya Kusadikika, katika riwaya ya jina hilo (1951). Waziri Majivuno, anayemshtaki raia Karama mbele ya baraza la nchi hiyo, anafichuliwa na jina lake kabla hajasema neno, na fumbo linapungua. Uzito wa kitabu uko kwa wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi, wakarudi na kuadhibiwa. Hao walikuwa watiifu kwa Kusadikika. Baraza lilitaka utiifu kwa baraza.

Anayetaka kujizoeza aitazame Alien mara mbili, na mara ya pili asimwondolee macho Ash pale mlangoni.