Kitabu cha Kusomwa Nyumbani: "Uhuru wa Watumwa"

Waalimu wengi wameona jambo hili: mtoto hujifunza kusoma shuleni, naye akiisha kutoka hashiki kitabu tena. Watu husema ni uvivu wake. Lakini tuitazame nyumba atokayo. Pengine hajapata kumwona baba wala mama akifungua kitabu kwa furaha. Kwake kitabu ni hofu ya kuulizwa na mwalimu, atakipendaje? Dawa ni kusoma pamoja nyumbani jioni, kwa sauti. Walakini si kila kitabu chafaa kwa kazi hiyo, nami nataka kukipima kimoja.

"Uhuru wa Watumwa" kiliandikwa na James Mbotela, kikapigwa chapa London na Sheldon Press mwaka 1934. Mwandishi alikuwa mwana wa mtu aliyetekwa akaokolewa, naye ni wa Freretown karibu na Mombasa, mahali palipowekwa na C.M.S. mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Aeleza jinsi watu walivyonaswa bara, walivyopelekwa pwani na kupakiwa majahazini, na jinsi manowari za Waingereza zilivyowaokoa.

Sifa yake kubwa ni kwamba kimetoka katika vinywa vya wazee. Kwa hiyo sikio hukipokea upesi, na hata bibi asiyejua herufi aweza kukifuata. Tena huwafungua wazee midomo: mtoto akisoma habari za msafara, babu naye atakumbuka aliyoyasikia kwa baba yake. Hapo mtoto huona kwamba maandiko na mazungumzo ya wazee ni ndugu.

Lakini kina upungufu, wala haifai kuuficha. Shukrani kwa waokozi imejaa mno, hata waliookolewa huonekana kama watu wa kupokea tu. Sivyo ilivyokuwa. William Jones na Ishmael Semler walikuwa watumwa walioachwa huru, wakalelewa Bara Hindi, wakarudi kufanya kazi ya Injili Rabai. Na mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa ushemasi. Mtoto akisoma sifa za wageni peke yake, atajifunza kupenda kusoma na kujidharau pamoja.

Je, tukiache? Hasha. Upungufu huo ndio sababu ya kukisoma pamoja, maana mtoto akisoma peke yake hana wa kumwuliza. Mzazi na asimamishe kisomo, aseme: "Na watu wenyewe walifanya nini?" Kisha awaache watoto wajibu.

Kusoma kwenyewe kuwe kwa kiasi. Kurasa mbili tatu zatosha. Heri watoto walale wakitamani kesho kuliko walale wamechoka. Kila ajuaye apewe zamu, na akikwama aambiwe neno kwa upole, asichekwe wala kukemewa. Baba asiyejua kusoma asione haya kusomewa na mwanawe; heshima yake haipungui, na furaha ya mtoto huzidi.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, agizo la kuwafundisha watoto limefika hata ndani ya nyumba. Tusimwachie mwalimu kazi yote. Yeye huwapa watoto ufunguo. Mlango wa kuufungua uko kwetu.