Polepole ya Nani? Boti, Paka na Mifereji ya Uingereza

Kuna masimulizi ambayo kila kiangazi hurudi kama embe za msimu. Mume na mke wa Kiingereza wanafunga nyumba yao, wanapakia paka wao katika boti nyembamba ya chuma, kisha wanazunguka mifereji ya nchi yao kwa mwendo wa kobe. Humo hamna tufani wala maharamia. Habari kubwa ya siku yaweza kuwa kwamba paka mmoja amerukia boti ya jirani na amekataa kurudi. Masimulizi haya yana wasomaji wengi, na baadhi yao ni sisi tulio hapa Doha, ambao kiangazi chetu huvuka nyuzi joto 40 na kutufungia ndani na viyoyozi. Tumeona inafaa tuyachambue, kwa kuwa sisi nasi ni watu wa vyombo, na neno polepole ndilo la kwanza mtalii kujifunza anaposhuka pwani yetu. Swali letu ni moja: polepole hiyo ni ya nani, na ndani yake mna nini cha kutufaa?

Tuanze na mfereji wenyewe. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa mwaka 1761 kwa ajili ya kupeleka makaa ya mawe kutoka Worsley hadi Manchester. Mingine ikafuata, ikaunganisha viwanda, migodi na bandari. Boti zake ni nyembamba, upana wa mita mbili na kidogo na urefu unaofikia kama mita 21, kwa kuwa lazima zipite katika vyumba vya maji vilivyo vyembamba vilevile. Chumba cha maji ni kama birika kubwa la mawe lenye milango huku na huku. Boti ikishaingia, mlango hufungwa, maji hujazwa au hupunguzwa mpaka chombo kipande au kishuke, ndipo mlango wa pili hufunguliwa. Hivyo ndivyo chombo kinavyopanda mlima. Hapo kale boti zilivutwa na farasi waliopita kando ya mfereji. Siku hizi zina injini, lakini haziruhusiwi kuzidi maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6 na nusu hivi, kwa sababu mawimbi hubomoa kingo. Basi polepole tunayosomewa kama tiba ya roho haikubuniwa na mtu wa starehe. Ni mwendo wa farasi mwenye shehena ya makaa.

Aliyeigeuza safari hiyo kuwa fasihi ni L. T. C. Rolt. Mwaka 1939 yeye na mkewe Angela waliondoka Banbury katika boti yao iliyoitwa Cressy, na kitabu chake, Narrow Boat, kikatoka mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea. Miaka miwili baadaye Rolt alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Inland Waterways Association, chama kilichopigania mifereji iliyokuwa ikiachwa ijae matope na magugu. Vitabu vilivyosaidia kuokoa kile kilichosimuliwa ndani yake ni vichache mno, na kwa hilo tunampa heshima yake. Kwa upande wa fani, Rolt ana jicho la fundi: anajua kila kitu kinavyofanya kazi na anakuelezea bila kujigamba. Udhaifu wake uko katika maudhui. Familia zilizozaliwa na kufia ndani ya boti anazipenda kama mtu anavyopenda sanduku la bibi yake: anataka zibaki kama zilivyo. Kama wao wenyewe wangependa kubaki hivyo, hilo halimshughulishi sana.

Ukimaliza Rolt, msome Emma Smith. Kitabu chake, Maidens' Trip, kilitoka mwaka 1948, nacho kinasimulia wasichana watatu waliofanya kazi ya boti za mizigo wakati wa vita, wakipeleka vyuma Birmingham na kurudi na makaa ya mawe. Wanawake hao walivaa beji yenye herufi IW, kifupi cha njia za maji za bara, na watani wakazisoma Idle Women, wanawake wavivu. Hapa mfereji ni uleule na mwendo ni uleule, lakini msomaji anaona baridi, njaa na uchafu wa kazi. Smith naye anacheka sana, ila kicheko chake ni cha mtu aliyechoka. Kwa maoni yetu, hicho ndicho kitabu bora kuliko vyote vya mifereji, kwa sababu mwandishi hakwenda kutazama kazi ya wengine.

Tuje kwa wanyama. Kwa muda mrefu mnyama wa boti katika vitabu vya Waingereza alikuwa mbwa. Jerome K. Jerome alimpakia Montmorency katika Three Men in a Boat mwaka 1889, na Terry Darlington akaondoka na mbwa wake Jim hadi kusini mwa Ufaransa katika Narrow Dog to Carcassonne, cha mwaka 2005. Mbwa ni mhusika rahisi: aendako bwana wake naye yumo. Paka ni mgumu zaidi, kwani paka hashiki mtu, hushika mahali. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, lakini nyumba yenyewe ikihama kila siku, huyo paka ni wa wapi? Masimulizi mazuri ya paka wa botini yanalijua swali hilo. Humo paka ndiye nahodha wa kweli. Kama hajarudi jioni, hakuna kung'oa nanga asubuhi, hata kama kuna watu wanangoja mbele ya safari. Masimulizi mabaya humfanya paka pambo la dirishani, kama ua katika chupa.

Tena paka alikuwa baharia kabla ya kuwa pambo. Kazi yake ilikuwa kulinda shehena dhidi ya panya. Utafiti wa chembe za urithi za paka wa kale, uliotolewa mwaka 2017, ulikuta damu ya paka wa Misri hata Siraf, bandari ya zamani ya Uajemi iliyo ng'ambo ya Ghuba hii tunayoitazama kila siku. Na Siraf si jina geni kwetu: al-Masudi, aliyesafiri kwenda Qanbalu katika pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 10, anawataja wenye vyombo wa Siraf katika safari hizo. Anayewaona paka wa Lamu wakiwangoja wavuvi ufukweni ataelewa kwamba paka na chombo walikula kiapo zamani.

Kuna jambo ambalo vitabu vya starehe hulipita mbiombio. Kwa sheria ya mwaka 1995, mwenye boti asiye na mahali pa kudumu pa kuifunga haruhusiwi kukaa sehemu moja zaidi ya siku 14 mfululizo. Shirika la Canal & River Trust, lililokabidhiwa mifereji ya Uingereza na Wales mwaka 2012, huwataka watu hao waendelee kusogea, na tangu mwaka 2024 linawatoza ada ya ziada. Wengine wamechagua maisha hayo kwa mapenzi, lakini wako wanaoishi botini, hasa London, kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda. Mtoto ana shule, mama ana miadi ya hospitali, na boti lazima isogee. Kwa hiyo boti mbili zaweza kufungwa sambamba, kila moja ina paka wake juu ya paa, mmoja akapumzika na mwingine akahesabu siku. Sisi tunaoishi kwa kibali cha ukaazi hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kuhesabu siku.

Hapa kwetu nako polepole inauzwa. Sehemu kubwa ya West Bay ni ardhi iliyofukiwa baharini tangu miaka ya 1970, na hoteli ya Sheraton, yenye umbo la piramidi, ilipofunguliwa mwaka 1982 ilisimama karibu peke yake mahali ambapo leo ni msitu wa minara ya vioo. Jioni, katika maji ya Corniche, majahazi yenye taa za rangi hubeba abiria, huzunguka ghuba kwa injini na kurudi palepale yalipotoka. Katika duka kubwa la Villaggio, upande mwingine wa jiji, mna mfereji wa ndani wenye gondola, chini ya mbingu iliyochorwa darini. Hatuna ugomvi na burudani hiyo. Ila chombo kinachorudi palepale bila shehena kimesahau kazi yake.

Anayetaka kukumbushwa kazi hiyo asome Sons of Sinbad cha Alan Villiers, kilichotoka mwaka 1940. Villiers, baharia wa Australia, alipanda jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi huko Aden mwaka 1938, akashuka nalo pwani yetu kwa kaskazi: Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja, hata delta ya Rufiji kupakia boriti. Kisha kusi ikawarudisha Ghuba mwaka 1939. Polepole yake ni ya upepo, na ndani yake ameandika pia madeni yaliyowafunga mabaharia msimu baada ya msimu. Kasoro yake ni kwamba watu wa pwani yetu wamebaki pembezoni mwa hadithi. Tunaona boriti zikipakiwa, lakini aliyezikata matopeni hatumsikii vya kutosha.

Sasa turudi kwenye swali letu. Vitabu hivi vinajitangaza kwamba vinauza polepole, na hapo ndipo tunapopingana navyo. Polepole peke yake si tunu. Hapa Qatar, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, kazi za nje kwenye jua husimamishwa tangu saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, na hakuna anayeandika kitabu kusifia mapumziko hayo. Kinachotuvuta sisi ni jambo jingine ambalo waandishi wenyewe hawalitilii mkazo: katika boti ile hakuna aliyeachwa nyuma. Mume yumo, mke yumo, paka wamo. Kipindi cha Great Canal Journeys, kilichoanza kuonyeshwa na Channel 4 mwaka 2014, kiligusa watu kwa sababu hiyo. Waigizaji Timothy West na Prunella Scales walizunguka mifereji huku kumbukumbu za mke zikipungua, na mume akaenda kwa mwendo wa mwenzake. West alifariki mwaka 2024 na Scales mwaka 2025. Pale polepole ilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa mtu.

Wengi wetu tulikuja huku peke yetu. Kuna walinzi, madereva, wauguzi na wafanyakazi wa majumbani, na kumleta mwenza na watoto kunahitaji mshahara ambao wengi hawaufikii. Ndege ya Dar es Salaam huchukua saa 6 hivi, safari ambayo jahazi lilihitaji wiki kadhaa na upepo mzuri, na bado yupo mama anayemwona mwanawe mara moja kwa miaka miwili. Haraka haikutuletea ukaribu. Hata paka wa Doha wanalijua hili: mkataba unakwisha, familia inaondoka, na paka aliyelala kitandani jana leo yuko kwenye maegesho ya magari akimkagua kila anayepita.

Ndiyo maana tungependa masimulizi ya safari yaandikwe pia na watu wetu. Si jambo jipya. Salim bin Abakari alikwenda Urusi na Siberia mwishoni mwa karne ya 19 akifuatana na bwana wake Mjerumani, akaisimulia safari ile kwa Kiswahili. Simulizi lake limo katika Safari za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1901. Alikwenda kama mtumishi, lakini macho yalikuwa yake na lugha ilikuwa yake. Leo mlinzi wa zamu ya usiku chini ya mnara wa West Bay anaona mengi kuliko mpangaji wa ghorofa ya 40. Na ndugu zetu wa London wanaopita kando ya mfereji wakienda kazini wanajua ni boti ipi inapumzika na ipi inahesabu siku.

Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wakati tunangoja marejeo hayo, tuandikieni: nani mlimwacha, mlisafiri kwa mwendo gani, na nani anamlisha paka wenu. Kurasa hizi ni zenu.

Alamsiki.