Nondo Zenye Mabawa: Jinsi Albert Kahn Alivyovijenga Viwanda vya Detroit

Majengo ya msanifu Albert Kahn husifiwa kwa vioo vyake, lakini siri yake imo ndani ya boriti. Boriti ya zege ikielemewa, hatari haipo katikati tu. Karibu na nguzo hutokea ufa wa mshazari, unaoanzia chini na kupanda kuelekea katikati ya boriti. Fundi wa nondo wa Dar es Salaam anaujua ufa huo, ndiyo maana anapokaribia nguzo hufunga ringi kwa kuzisogeza karibu karibu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 jambo hilo lilikuwa bado linawasumbua wajenzi wa Marekani. Mwaka 1903 Julius Kahn, mhandisi na mdogo wake Albert, aliunda nondo yenye mabawa ubavuni. Mabawa yalichanwa kidogo yakakunjwa juu kwa nyuzi 45, huku mzizi wake ukibaki umeshikamana na nondo yenyewe. Yakilala ndani ya zege, yanaupitia ule ufa kwa kuukingama. Hayachomoki, na fundi hana sababu ya kuyafunga moja moja kwa waya.

Albert, mtoto wa rabi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1869 na kujifunza usanifu kazini bila kupita chuo kikuu, alijua la kufanya na nondo ile. Viwanda vya wakati huo vilibebwa na kuta nene za matofali na sakafu za mbao zilizolowa mafuta ya mashine. Moto ulikuwa tishio la kila siku, na dirisha likitanuliwa, ukuta hudhoofika. Mwaka 1905, katika jengo namba 10 la kiwanda cha magari cha Packard, Kahn aliuachia mzigo wote mfumo wa nguzo na boriti za zege. Ukuta ukawa hauna cha kubeba, na pale ulipokuwa ukuta akaweka kioo.

Kule Highland Park, kwenye kiwanda cha Ford kilichofunguliwa mwaka 1910, wazo hilo lilifika ukubwani. Jengo lilikuwa na ghorofa nne na urefu wa mita 260 hivi. Fremu za chuma za madirisha ziliagizwa Uingereza. Mfanyakazi aliyesimama kwenye mashine katikati ya jengo alipata mwanga wa mchana, na kwa mtu anayepima chuma kwa jicho siku nzima, mwanga ni kifaa cha kazi sawa na tupa. Humo humo, mwaka 1913, ndipo gari lilipoanza kusogezwa mbele ya wafanyakazi kwenye mstari wa kuunganishia. Kuunganisha chasisi kulikochukua zaidi ya saa 12 kukashuka hadi saa moja na nusu hivi.

Hapo ndipo ninapomheshimu Kahn zaidi, maana mstari ule ulilifichua kosa la jengo lake naye akalikubali. Kazi inayotiririka haitaki ghorofa. Kila lifti ni kizuizi, na kila nguzo ni kona ya kuzungukwa. Kwa hiyo kwenye eneo la Ford la River Rouge, kuanzia mwaka 1917, aliachana na zege lililompa jina akajenga kwa chuma, majengo mapana ya sakafu moja ambayo mwanga wake hutoka juu. Kiwanda cha vioo cha mwaka 1923 ndicho nikipendacho kuliko vyote. Matanuri yalitoa joto kali, naye akaliinua paa juu yake na kulitia safu za madirisha yanayofunguka, hewa moto ipande na kutoka yenyewe. Umbo la paa limetokana moja kwa moja na njia ya joto.

Ofisi yake nayo ilifanya kazi kwa mtindo huo huo wa kazi inayotiririka. Wasanifu na wahandisi wa miundo, umeme na mitambo walichora pamoja, na michoro ikatoka kwa kasi ambayo wengine hawakuiweza. Ndiyo maana Wasovieti walimwendea mwaka 1929. Chuma cha kiwanda cha matrekta cha Stalingrad kilitengenezwa Marekani, kikasafirishwa na kusimamishwa huko. Hadi mwaka 1932 timu yake ilikuwa imeshughulikia viwanda zaidi ya 500 katika nchi hiyo.

Lakini jengo lililoshonwa kwa kipimo cha kazi moja huachwa kazi hiyo ikihama. Ford alipoingiza gari la Model A mwaka 1927, uunganishaji wa magari ulihamia Rouge, na Highland Park ilikuwa haijatimiza hata miaka 20. Packard ilikaa gofu kwa miongo mingi, hadi mwaka 2022 ubomoaji mkubwa ulipoanza. Lakini mnara wa ofisi wa Fisher, alioukamilisha Kahn mwaka 1928 kwa marumaru na dari za kupakwa rangi, bado una wapangaji. Ofisi haijali kama imekaa ghorofa ya pili au ya 20. Ni chumba, dirisha na lifti, na mpangaji akiondoka, anayefuata huingia na meza zake.