Msikilize Fundi Kabla Hajagusa Kibodi

Tovuti zikigoma kufunguka kwenye kompyuta ya Linux, wengi humpima fundi kwa wepesi wake. Kaja, kabonyeza, kurasa zimefunguka, kalipwa. Mimi wepesi huuweka mwisho. Nimekaa ubavuni mwa mafundi wengi, na ninachosikiliza kwanza ni anachouliza mikono yake ikiwa bado mapajani.

Aliyeiva huanza hivi: "Dada, ni tovuti zote au baadhi? Zinakataa papo hapo, au zinazunguka tu bila kufika? Na simu yako kwenye waifai hii hii, inafungua?" Maswali hayo yanaondoa nusu ya kazi. Kama simu nayo imekwama, kompyuta huenda haina kosa lolote. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Aliyebadilisha mipangilio ya kompyuta siku ile alikuwa anampasua mtu mzima wa afya.

Anayeanza kwa "zima, washa" simkatai moja kwa moja, maana mara nyingine inasaidia. Lakini amefuta ushahidi. Tatizo likirudi Jumatatu, atakuwa na nini mkononi?

Baada ya maswali, tazama anavyotembea. Safari ya ukurasa ina vituo: kadi ya mtandao, ruta, dunia ya nje, jina la tovuti, kisha ukurasa wenyewe. Fundi mzuri haviruki. Huandika ping 8.8.8.8, kisha hujaribu jina. Namba ikijibu na jina likagoma, shida iko kwenye DNS, ule mfumo wa kutafsiri majina kuwa namba ambao Paul Mockapetris aliubuni mwaka 1983. Ping ikinyamaza pia hakimbilii kuhukumu, kwa sababu seva nyingi huzuia ping kwa makusudi huku kurasa zake zikifunguka vizuri.

Hapa kwenye DNS ndipo wababaishaji hujianika. Kwenye Ubuntu, ukifungua faili la /etc/resolv.conf, kwa kawaida utakuta anwani 127.0.0.53. Fundi asiyejua hushtuka, akaifuta na kuandika yake. Anwani ile ni karani wa ndani ya kompyuta, anayepokea maswali ya majina na kuyapeleka nje. Faili lenyewe huandikwa upya na mfumo, kwa hiyo marekebisho ya mkono yanaweza kupotea. Anayejua huandika resolvectl status, akasoma karani anamuuliza nani, na kurekebisha huko.

Saa nayo ni kipimo kizuri. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao wa kompyuta ikichoka, kompyuta huamka ikiamini iko miaka mingi nyuma, na vyeti vya usalama vya tovuti vikaonekana havijaanza hata kutumika. Mashine isiyosasishwa ina ugonjwa unaofanana na huo. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kiitwacho DST Root CA X3 kiliisha muda, na kompyuta nyingi za zamani zikaanza kukataa tovuti zilizo salama kabisa. Fundi anayekwambia ubofye kukubali hatari ili mambo yaende, mlipe nauli yake aondoke. Amekufundisha kuamini yeyote atakayejifanya benki yako.

Kazi ninayoikumbuka kwa heshima niliiona kwenye ofisi ndogo yenye kompyuta nne, zote za Linux. Ruta ilikuwa imebadilishwa. Ping ilikwenda, majina yalitafsiriwa, Google ilifunguka, lakini tovuti kadhaa zilizunguka mpaka kivinjari kikakata tamaa. Mafundi wawili walishapita, mmoja akasakinisha kivinjari kingine, wa pili akasakinisha mfumo mzima upya. Wa tatu alikuwa binti mtulivu. Aliendesha curl -v na kusoma taratibu: muunganisho umekubaliwa, salamu ya usalama imetumwa, kimya. "Vidogo vinapita," alisema, "vikubwa havifiki."

Akaandika ping -M do -s 1472, yaani tuma baiti 1472 na usiruhusu pakiti ikatwe njiani. Ikakataa. Akashuka hadi 1464, ikapita. Ongeza baiti 28 za vichwa vya pakiti, unapata 1492. Pakiti ya Ethernet hubeba hadi 1500, lakini laini ile ilitumia PPPoE, ambayo hujichukulia baiti 8. Seva za mbali zilikuwa zikituma pakiti zilizojaa, zinakwama mlangoni, na ujumbe wa kuziambia zipunguze ulikuwa ukizuiwa njiani. Ndiyo maana zilikwama baadhi, si zote. Akaweka MTU, yaani kikomo cha ukubwa wa pakiti, ya kompyuta moja kuwa 1492, akaifungua tovuti mbele ya wenye ofisi. Ikafunguka.

Wengine wangefunga begi hapo. Yeye aliirudisha 1500, tovuti ikakwama tena, akairudisha 1492, ikafunguka tena. Huo ndio ufundi ninaoutafuta: kuweza kuliita tatizo na kulifukuza kwa hiari yako. Kisha akaingia kwenye ruta, akaweka marekebisho pale ili kompyuta zote nne ziponee mahali pamoja, na ile aliyojaribia akaiacha kama alivyoikuta.

Kabla ya kuondoka aliomba daftari la ofisi. Akaandika tarehe, alichobadilisha kwenye ruta, thamani ya zamani na ya sasa, na amri ya kupima kama tatizo limerudi. Mistari minne, kwa hati inayosomeka.